Mizani Pasipo Vina: Jibu kwa Wanaotukataza Shakespeare

Malenga wenzangu na wapenzi wa Kiswahili, nawaandikia kutoka Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, ambako nchi tambarare inaanza kuteremkia Rufiji. Nimeshika kalamu kuipinga hukumu iliyozoeleka katika mabaraza yetu ya ushairi, hata imekuwa kama sheria isiyoandikwa. Hukumu hiyo ina vifungu vitatu. Cha kwanza: tamthilia za Shakespeare na wenzake wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza zimetungwa kwa lugha isiyoeleweka, basi azitakaye asome muhtasari. Cha pili: tafsiri zake za Kiswahili si ushairi, kwa kuwa hazina vina. Cha tatu: hayo ni mambo ya Waingereza, sisi yanatuhusu nini?

Nasema vifungu vyote vitatu vimesimama juu ya mguu mmoja mbovu, nao ni kusoma kwa macho kile kilichotungwa kwa ajili ya masikio. Na ajabu yenyewe ni kwamba wanaotoa hukumu hiyo ni watunzi, watu ambao mtaji wao ni sikio.

Sibishani na kivuli. Hapa Kisaki kipo kikundi cha vijana, wengi wao wakulima, waliojifunza kwa moyo sehemu ya Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, kutoka katika nakala ya fotokopi iliyochakaa. Walichagua onyesho la mazishi, pale Brutus na Antony wanapouhutubia umma wa Roma mbele ya maiti ya Caesar. Katika shindano moja la sanaa, mmoja wa majaji aliwaambia kwamba lugha ile ni nzito, kwamba ile si mashairi wala si mazungumzo, na kwamba wakija tena wakilete kisa kwa ufupi, kwa maneno mepesi, na vichekesho visikosekane. Jaji huyo ni mtunzi wa mashairi. Simtaji, kwa sababu fikra ile hakuizua yeye. Ameirithi, nasi wengi tumeirithi pamoja naye. Lakini vijana walirudi kimya, na nakala yao ikarudi sandukuni. Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nianze na dai la ugumu. Mnamo 1599, ng'ambo ya kusini ya mto Thames mjini London, lilijengwa jumba la maonyesho lililoitwa Globe. Mwaka huo huo, tarehe 21 Septemba, msafiri wa Uswisi aitwaye Thomas Platter alivuka mto akatazama tamthilia ya Caesar, akaandika habari zake. Onyesho lilifanyika mchana, kwa nuru ya jua. Hapakuwa na mapazia ya kupaka mandhari, na wanawake waliigizwa na wavulana. Aliyekuwa na peni moja alisimama uwanjani, chini ya anga, pamoja na wanagenzi, mafundi na wachukuzi, na wengi katika hao hawakujua kusoma. Sasa sikilizeni: tamthilia hiyo haikupigwa chapa hadi 1623, miaka saba baada ya mtunzi wake kufariki, katika lile buku kubwa lililokusanya tamthilia zake 36. Maana yake ni kwamba kwa miaka 24 Juliasi Kaizari haikuwa kitabu cha kununuliwa. Aliyetaka kuijua hakuwa na njia nyingine ila kwenda kuisikia. Basi, tunapomkabidhi kijana maandishi matupu pamoja na faharasa ya maneno magumu, kisha tukashangaa kwamba hakuelewa, tumemnyima mlango wa nyumba halafu tukamlaumu kwa kutoingia.

Wala msiniambie kwamba umri wa lugha ndio kizuizi. Mtu wa Kisaki akiishika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, atakutana na Kiamu, atakutana na maneno ambayo hayajapata kutamkwa katika soko la Kisaki. Je, tunamwambia aiache asome muhtasari unaosema kwamba Pate ilitajirika ikaanguka? Hatumwambii hivyo. Tunamtafutia mtu wa kumghania. Akishasikia ubeti ukighaniwa mara mbili, tatu, maana huanza kumjia hata kabla ya kamusi kufunguliwa, kwa kuwa sauti imekwisha kumwonyesha wapi pana huzuni na wapi pana dhihaka. Heshima hiyo tunayompa Sayyid Abdalla ndiyo ninayoidai kwa tamthilia hizi. Siombi zaidi.

Ugumu wenyewe, tukiukagua, mara nyingi hauko katika msamiati. Uko katika mambo ambayo sikio hulipokea lakini muhtasari huyatupa. Nitoe mfano mmoja wa viwakilishi. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na "thou" kwa mtu wa karibu au mtu wa chini, na "you" kwa heshima au kwa umbali. Katika Hamlet, mama anamkemea mwanawe kwa "thou" ya uzazi. Mwana anamrudishia karipio lile lile, neno kwa neno karibu, lakini kwa "you" iliyopoa kama jivu la jana. Hapo mwana amemfungia mama mlango. Kiswahili sanifu kina "wewe" tu, ila mfasiri Mswahili hakosi silaha. Mtoto aliyezoea kusema "mama" akisema "bibi wee", au shikamoo iliyotarajiwa isipotolewa, nani katika kijiji chetu hataelewa kwamba pameharibika kitu? Basi jambo hilo si la kigeni kwetu. Linataka mfasiri mwenye sikio na mwigizaji mwenye adabu ya lugha yake.

Turudi kwenye onyesho waliloambiwa vijana walifupishe. Muhtasari husema: Brutus akahutubia, watu wakamkubali, Antony akahutubia, watu wakageuka. Kweli tupu, na haina thamani. Mtunzi amefanya jambo ambalo kila malenga angepaswa kulisimamia darasani kwa saa nzima: hotuba ya Brutus ameitunga kwa nathari, na ya Antony kwa mishororo yenye mizani. Brutus anapanga hoja kama mtu wa mahakama, sentensi kwa sentensi, zimepimwa na kusawazishwa. Antony anaingia na mapigo ya moyo. Umati wa Roma haujui neno "nathari" wala "mizani", lakini miili yao imejua. Na humo ndani ya mizani Antony anachukua neno moja la sifa, lile la kuwaita wauaji watu wa heshima, analirudia, analirudia tena, mpaka heshima inaoza kinywani mwake na kuwa tusi, bila herufi moja kubadilika.

Mnasema hilo ni zito kwa watu wa Kisaki? Nimewahi kumsikia mzee wetu katika mkutano wa kijiji, tembo walipokuwa wamemaliza mahindi, akiwaita wageni waliokuja na ahadi "waheshimiwa wetu". Mara ya kwanza watu walitikisa vichwa kwa adabu. Mara ya pili walitazamana. Mara ya nne mkutano mzima uliangua kicheko kichungu, na mgeni mmoja akainamisha uso. Mzee yule hajasoma Shakespeare. Tena, sisi wa Uluguru na pembezoni mwake tunao watani, ambao hata msibani wana ruhusa ya kusema yale ambayo mfiwa hawezi kuyasema, kumcheka marehemu na kuwachoma walio hai, na hakuna wa kuwashtaki. Antony anasimama mbele ya maiti akiwa amepewa ruhusa ya kusema, na katika ruhusa hiyo anapitisha upanga. Hadhira iliyolelewa na utani ingemwelewa Antony kabla ya mwanafunzi wa chuo kikuu hajamaliza kusoma dibaji.

Kifungu cha pili kinadai kwamba pasipo vina hapana ushairi. Naheshimu mahali kilikotoka. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya 1954, alitufundisha nidhamu, na kizazi kizima kilisimama juu ya mabega yake. Kisha, miaka ya 1970, ukaja mgogoro tunaoujua: Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi nao wakaingia uwanjani, na tangu hapo tumegawanyika kambi mbili. Huku vina na mizani vimefungwa pingu moja; kule vyote viwili vimeachwa huru. Katika ugomvi huo tumesahau kwamba ipo nyumba ya tatu: mizani pasipo vina. Nyumba hiyo ndiyo waliyokaa watunzi wa jukwaa la Elizabeth.

Mshororo wao wa kawaida una mizani 10, na mkazo huanguka katika kila mizani ya pili. Kina hakimo. Na msidhani Waingereza walizaliwa nao. Henry Howard, mwungwana wa Surrey aliyekatwa kichwa mwaka 1547, aliuleta katika Kiingereza alipotafsiri sehemu za Aeneid ya Virgil kutoka Kilatini, katika nchi ambayo mashairi yake yalikuwa yamezoea vina. Mwaka 1562 malkia mwenyewe alitazama Gorboduc ya Sackville na Norton, tamthilia ya kwanza ya Kiingereza kutungwa kwa mshororo huo. Kisha akaja Christopher Marlowe, aliyeuawa 1593 akiwa na miaka 29 tu, akaupa mshororo ule ngurumo. Kwa hiyo kile ambacho leo tunakiita moyo wa fasihi ya Kiingereza kiliingia kwa mlango wa tafsiri. Anayesema tafsiri haiwezi kuipa lugha bahari mpya, historia ya hao hao anaowaogopa inamkanusha.

Na mizani 10 si ngeni kwetu. Al-Inkishafi niliyoitaja ina mizani 10 katika kila kipande, sita na nne, na humo limewekwa tafakuri zito kuliko yote katika ushairi wetu wa kale. Sikio letu linajua kufikiri kwa pumzi hiyo. Liko jambo moja tu la kuangalia: mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mshororo wetu hupenda kumalizika kwa silabi nyepesi, na mizani 11 hututoshea vizuri zaidi. Hilo nalo si kosa. Mshororo mashuhuri kuliko yote katika Hamlet, ule wa kuwa na kutokuwa, una mizani 11.

Ili nisionekane nahubiri hewani, natoa mfano wangu mwenyewe, wa mkulima mbele ya mkutano. Kwanza kwa utenzi:

Sikuja kulalamika,
Tembo ni wetu hakika,
Shamba langu limelika,
Nambieni nile nini.

Sasa kwa mizani 11 pasipo vina:

Ndugu zangu, sikuja kulalama.
Tembo ni wa taifa, nakubali.
Na shamba langu nalo ni la nani?
Mahindi yakiliwa, nile sifa?

Sisemi wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Kila kimoja kina kazi yake. Utenzi unasimulia, kina kinamwahidi msikilizaji mwisho wa wazo kabla hajaufikia, na kwa hiyo unakaa kichwani na kusafiri mbali. Mshororo usio na kina hauahidi kitu. Msemaji anafikiri mbele yetu, hajui atatua wapi, na mwenzake anaweza kumkatiza katikati ya mshororo na kuumalizia yeye. Watunzi wa Globe walifanya hivyo daima: mshororo mmoja unagawiwa watu wawili, na mwigizaji anajua kwa kuhesabu tu kwamba hapa haruhusiwi kupumua, ajibu papo hapo. Ndiyo maana nasema mizani kwao ilikuwa maelekezo ya jukwaani. Ngonjera yetu, ile aliyoitukuza Mathias Mnyampala, inajua kubishana ubeti kwa ubeti. Lakini ubeti ni lazima umalizike ndipo mwenzako ajibu. Watu wenye hasira hawangojeani beti.

Kama bado mna shaka, mtazameni Mwalimu. Kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi alitumia mishororo isiyo na vina. Lakini mwaka 1996, alipotoa tenzi zake za Biblia, Injili nne na Matendo ya Mitume, alizitunga kwa utenzi wenye vina vyake vyote. Mtu huyo huyo, mkono huo huo. Basi asiseme mtu kwamba Nyerere aliacha vina kwa kutoviweza. Aliviweka pale pa kusimulia, akaviondoa pale pa kubishana. Huo ni uamuzi wa mtunzi, na anayeupinga aupinge kwa hoja ya utunzi, si kwa kuhesabu vina na kufunga kitabu.

Kimebaki kifungu cha tatu, cha ugeni. Nakubali kwamba Shakespeare aliletwa Afrika Mashariki na wenye bendera, na kwamba shuleni alitumiwa kumpima Mwafrika ni Mwingereza kiasi gani. Uchungu huo ni halali. Lakini tazameni njia waliyotupitishia. Miaka ya 1860 mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alipiga chapa hadithi chache za Shakespeare kwa Kiswahili, naye hakuzitoa katika tamthilia zenyewe bali katika kitabu cha Charles na Mary Lamb kilichofupishwa kwa ajili ya watoto. Muhtasari ndio tuliopewa kwanza! Ilipita karibu karne nzima ndipo Mwalimu, akiwa rais wa nchi changa, akatoa tamthilia nzima mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. S. S. Mushi naye akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani 1969, tamthilia zilizotungwa baada ya malkia kufariki lakini kwa ada ile ile ya jukwaa. Basi leo, anayetwambia turudi kwenye muhtasari anadhani anaukataa ukoloni, kumbe anaturudisha katika daraja la watoto tulilopangiwa.

Na tafsiri zile si za kunakili. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Mwalimu akaandika mabepari, kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Bepari ni neno lililotujia na wafanyabiashara wa Kihindi, likimaanisha mchuuzi, kabla halijabeba mzigo wa siasa. Kwa hiyo neno moja linasema mambo mawili kwa mpigo, uchuuzi na unyonyaji, na kwa kuwa liko katika wingi linamtia Antonio kizimbani pamoja na Shylock. Mnaweza kuukataa usomaji huo, wapo walioukataa. Lakini mchezo huo wa neno lenye sura mbili ndio hasa uliokuwa ukiwachekesha waliosimama kwa peni moja. Tambuka yetu ya 1728 nayo ilichukua kisa chake katika simulizi za Kiarabu za vita vya Warumi, na hakuna anayeiita ngeni. Na mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walipanda jukwaa la Globe iliyojengwa upya London, wakaicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. London imesikiliza Kiswahili chetu. Sisi tunakitilia shaka.

Hapa Kisaki tunapakana na mbuga kubwa ambayo tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la Mwalimu tumelipa tembo, na limewafaa. Lakini katika kijiji kizima najua nakala moja tu ya Juliasi Kaizari, nayo ni ile fotokopi. Jina tumelitundika mpakani. Kazi ya mkono wake tumeiacha iliwe na mchwa.

Nadai mambo matano. Wachapishaji wazirudishe tafsiri hizi dukani. Walimu wafunge vijitabu vya muhtasari na kuzisoma tamthilia kwa sauti, japo ukurasa mmoja kwa siku. Malenga wajaribu mizani pasipo vina, kisha watuambie wameona nini. Na asiyeridhika na tafsiri ya Mwalimu atoe yake, kwani yeye mwenyewe aliirekebisha baada ya miaka sita. Na majaji wa mashindano, kabla hawajamwambia kijana kwamba lugha yake ni nzito, wafumbe macho wamsikilize mpaka mwisho. Huenda uzito walioupima ulikuwa wa masikio yao.